Mali Bila Daftari Hupotea Bila Habari

Mwaka mmoja umepita tangu nifungue duka dogo la mapambo ya nyumba huku Mbagala, wilaya ya Temeke, Dar es Salaam. Duka ni chumba kimoja. Nauza mikeka ya ukindu, mapazia, vitambaa vya meza, vikapu na picha za ukutani.

Mwanzoni wateja walikuja wengi. Lakini wengi walichukua vitu kwa mkopo. Walikuwa jirani zangu, nikaona haya kuwakatalia. Madeni niliyaweka kichwani. Fedha za duka na fedha za nyumbani zilikaa katika mkoba mmoja. Unga tulinunua humo humo. Sare za shule tulinunua humo humo.

Kisha masika yakaingia. Njia ikawa tope, wateja wakapungua. Paa likavuja, mikeka saba ikaota ukungu. Siku ya kulipa kodi ya chumba nilifungua mkoba. Haukuwa na kitu. Nikataka kulifunga duka.

Binti yangu wa darasa la sita akaniuliza, "Mama, nani unamdai, na kiasi gani?" Sikuweza kumjibu. Akanipa daftari lake moja. Mimi nilijifunza kusoma na kuandika ukubwani, lakini kalamu sikuwahi kuitumia dukani. Usiku ule niliwakumbuka wadaiwa tisa, nikawaandika.

Sasa naandika kila jioni. Kwa mfano, mkeka nanunua shilingi 10,000. Usafiri ni shilingi 1,000. Nauza shilingi 14,000. Faida ni shilingi 3,000. Shilingi 11,000 zinarudi kununua mkeka mwingine. Haziendi jikoni. Anayekopa namwandika mbele yake, naye anatia sahihi. Mikeka naipanga juu ya mbao, mbali na ukuta wenye unyevu.

Jambo jingine nililojifunza ni kwamba mtaji mdogo si aibu. Picha ninazouza ni za mtindo wa Tingatinga. Mtindo huo ulianzishwa na Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru. Mwaka 1968 alianza kuchora wanyama na ndege juu ya vipande vya hadibodi kwa rangi ya baiskeli. Aliuza picha zake Oysterbay, Kinondoni. Alifariki mwaka 1972. Wanafunzi wake waliendelea na kazi, na mwaka 1990 wakaunda ushirika. Leo picha hizo zinajulikana nchi nyingi.

Mimi sijatajirika. Katika wadaiwa wale tisa, sita wamelipa. Watatu bado, na mmoja wao hanisalimii tena. Hilo linaniuma. Lakini kodi nailipa kwa wakati, na duka liko wazi.

Ndugu msomaji, ukitaka kufungua duka, nunua daftari kwanza, bidhaa baadaye. Kusoma unajua. Kuandika unajua. Tumia elimu yako ilinde mali yako.