Gari Linapovuliwa Turubai

Mjini Bujumbura sikukuu ya Uhuru, tarehe 1 Julai, huangukia kiangazi. Mvua haitazamiwi, na dereva wa gari la wazi hulivua turubai bila hata kuinua macho juu. Lakini askari mlinzi anayo mengine ya kutazama.

Mwishoni mwa Juni 1960, majirani zetu wa Kongo walipokuwa wakipokea uhuru, Mfalme Baudouin wa Ubelgiji alipitishwa katika barabara za Léopoldville akiwa amesimama ndani ya gari lisilo na paa. Ambroise Boimbo aliusogelea msafara, akamnyakulia upanga wake. Mfalme hakudhurika. Hebu tujiulize, ndugu askari: je, kama mkono ule ungekuja na kisu?

Mfano wa pili wajulikana duniani kote. Tarehe 22 Novemba 1963, huko Dallas, Marekani, mvua ya asubuhi ilikatika, ndipo kifuniko cha plastiki cha gari la Rais Kennedy kikaondolewa. Kweli, kifuniko kile hakikuweza kuzuia risasi. Wala turubai haliwezi. Hata hivyo humficha aliyeketi ndani, na asiyeonekana ni vigumu kulengwa. Kwa hiyo kulivua ni shauri la mkuu wa ulinzi, si la dereva na hali ya hewa.

Dereva naye ana wajibu wake. Alegeze kanda kwanza, alikunje turubai likiwa kavu lisiote ukungu, tena asiyapinde madirisha yake ya plastiki yakapasuka. Kisha alipakie garini humo humo, wala asiliache karakana.