Ng'ombe wa Kuvukia Kiangazi

Mpwa wangu ana miaka 13. Jioni akishafungia ndama huketi kwenye benchi la jikoni kwa bibi yake, simu mkononi, akacheza Pokémon, ile gemu ya zamani iliyoanzia Japani mwaka 1996 ikiwa na viumbe 151. Mchezaji hutembea na sita tu kwa wakati mmoja, na kwa hao sita anavuka nchi nzima, mji hadi mji, akipambana na mabingwa. Siku moja nilimkuta akibishana na rafiki yake juu ya samaki mmoja mwekundu aitwaye Magikarp. Mchuuzi wa njiani humuuza kwa 500, na kazi yake mwanzoni ni kurukaruka tu, hamwumizi yeyote. Rafiki alisema hiyo ni hasara tupu. Mpwa wangu akajibu, "Akifika ngazi ya 20 anageuka joka. Shida si yeye. Shida ni kama hao wengine watano wataweza kumbeba mpaka huko."

Mama yangu, ambaye wajukuu humwita Kogo, alikuwa anasonga ugali. Habari za joka zilimpita, lakini swali alilisikia. Akasema bila kugeuka, "Huyo ni mtamba."

Nimelifikiria neno lile kwa muda mrefu, kwa sababu ndani yake mna desturi nzima ya watu wa hapa Ziwa. Sisi tuko kaskazini-magharibi mwa mji wa Eldoret, kwenye uwanda wa juu wa Uasin Gishu, na huku mnyama ndiye kipimo cha mambo mengi. Jina la kaunti lenyewe tulirithi kwa Wamaasai walioishi hapa kabla yetu, na hiyo "Gishu" yao ni ng'ombe. Hata jina la Ziwa lina bahati yake: katika Kiswahili ziwa ni maji yaliyotulia, na ziwa pia ni titi, ndiko yanakotoka maziwa.

Mwaka jana mama alitaka mtamba, nikamsindikiza kwa jirani aliyekuwa anauza. Hakuuliza bei. Hata mtamba mwenyewe hakumtazama kwanza. Aliomba aonyeshwe mama yake. Akainama akatazama kama kiwele kimeshikamana na tumbo au kinaning'inia kuelekea magotini, kama chuchu nne zimekaa sawa, kama mshipa wa maziwa unaopita chini ya tumbo umenenepa na kujipinda. Kisha yakaja maswali. Huyu mama, mwezi wa kwanza mvua ikiwa imekwisha na mabua ya mahindi yamebaki makavu, hutoa kiasi gani? Anakubali mkono wa mgeni, au anakamuliwa na mtu mmoja tu? Alizaa mwenyewe au alivutwa ndama? Ndigana aliwahi kuipata akapona? Jirani alijibu moja baada ya jingine, na nilipotarajia yamekwisha, mama akaomba mtamba afunguliwe atembee. Alitazama kwato. Kisha akatupa majani mabaya, yaliyoanza kuwa ya njano, akasubiri aone kama atayala. Mtamba akayala. Hapo ndipo bei ikatajwa.

Ukiyakusanya maswali yale utaona hakuna hata moja lililouliza huyu ng'ombe ana ukubwa gani siku ya ubora wake. Yote yaliuliza njia. Mtamba hula miaka miwili, mara nyingi mitatu, kabla ya kuzaa ndama wa kwanza, na miezi 9 ya hiyo ana mimba tumboni. Muda wote huo anatoa mbolea tu. Nyumba yenye ng'ombe wawili wanaokamuliwa inaweza kumbeba. Nyumba isiyo na kitu ikimnunua, itamuuza kabla hajafika, tena kwa hasara. Kwa hiyo mnyama yule yule ni mali kwa huyu na mzigo kwa yule, na mzee anayejua kazi yake hakwambii "huyu ni mzuri" kabla hajakuuliza una nini nyumbani.

Mpwa wangu anayajua haya bila kufundishwa. Mwanzoni mwa gemu mchezaji huchagua mmoja kati ya viumbe watatu. Watoto wengi humtaka Charmander, kwa sababu mwisho wake ni joka la moto lenye mbawa. Yeye alimchukua Bulbasaur, mwenye mmea mgongoni. Nilipomuuliza sababu, alisema bingwa wa kwanza hutumia mawe na wa pili hutumia maji, na mmea huwashinda wote wawili, ilhali moto hupata taabu kwa wote wawili. "Nivuke hapo kwanza," alisema.

Zamani watu wetu waliisambaza mifugo ili ugonjwa au uvamizi mmoja usimalize kila kitu. Mtu alimkabidhi rafiki wa mbali ng'ombe wake. Rafiki alikunywa maziwa, na ndama wakabaki wa mwenye mali. Desturi hiyo, kimanagan, ilidai upimaji wa namna nyingine, kwa maana ilibidi umjue mnyama na uijue pia nyumba anayokwenda. Mama husema ng'ombe mwenye mateke hapelekwi kwa mjane mwenye watoto wadogo, hata kama hujaza ndoo. Hata leo kwenye koito, wazee wa pande mbili wanapozungumza mahari na pesa zimeingia katikati, ng'ombe anayetolewa huelezwa kwa ukoo wake.

Ukishuka kwenda Kakamega, kwa Waisukha na Waidakho, utakuta kipimo kingine. Kule fahali hupiganishwa asubuhi, ngoma za isukuti zikilia, na umati humsindikiza fahali wao kama askari. Wanamtazama shingo, pembe na moyo. Mmoja akigeuka na kukimbia, shauri limekwisha. Naheshimu ufundi wa wale wanaowalea, nao ni mkubwa, lakini fahali yule thamani yake yote hutegemea dakika chache za asubuhi moja.

Kinachonitia wasiwasi kiko karibu zaidi. Ng'ombe wa kisasa walikuja na walowezi. Makaburu walifika uwanda huu mwaka 1908, na mwaka 1925 ukaanzishwa ushirika wa maziwa wa KCC. Sijutii ujio wa ng'ombe aina ya Friesian. Amesomesha watoto wengi wa hapa, na mimi ni mmoja wao. Lakini siku hizi nasikia vijana wakiulizana lita tu. Jersey anatoa maziwa machache kuliko Friesian, ila yana mafuta zaidi, na anayetengeneza mursik, maziwa yetu ya mgando, anajua tofauti hiyo akifungua sotet, kile kibuyu kilichopakwa ndani mkaa wa mti wa senetwet, siku kadhaa baadaye. Mursik huo huo ndio wanariadha wetu hupokelewa nao uwanja wa ndege wakirudi na medali. Na Friesian mkubwa anataka chakula kikubwa. Februari majani ya nepia yakikauka, lita zile zilizotajwa wakati wa kununua hazionekani tena, na madeni ya chakula cha duka yanabaki.

Mtamba aliyekula majani ya njano yuko zizini kwetu. Bado hajapandishwa. Mama alimkabidhi mpwa wangu kazi ya kumzoesha: kila jioni, kabla ya simu, humsugua mgongo, akashuka ubavuni, akagusa kiwele, ambacho kwa sasa ni ngozi tu. Juzi alipigwa teke la paja. Aliingia jikoni akichechemea, akamwambia Kogo kwamba leo ameshika chuchu tatu kabla ya teke. Jana yake zilikuwa mbili.