Je, Wajua? Masumbwi ya Watu wa Tai

Baba hoteli hii, mama hoteli ile

Mwaka 1990 tajiri wa majengo wa Washington, Joe Robert, alianzisha harambee ya aina yake. Aliweka ulingo wa ngumi katikati ya ukumbi wa hoteli na kuwaita mabondia wa kulipwa. Kuuzunguka ulingo kulipangwa meza zenye vitambaa vyeupe, steki, sigara nene na wanaume waliovaa suti nyeusi na tai za kipepeo. Usiku huo uliitwa Fight Night, na fedha zake zilikwenda kwa Fight For Children, shirika alilolianzisha kusaidia watoto wa familia maskini wa jiji hilo, hasa katika elimu.

Uhondo wenyewe, kwa maoni yangu, uko upande wa pili wa mji. Karamu ile ilikuwa ya wanaume, na wanawake hawakutaka kubaki nyumbani kungoja kusimuliwa. Katika miaka hiyohiyo ya 1990 nao wakaanzisha karamu yao, usiku uleule, hoteli nyingine, kuwachangia wanawake wanaopigwa na waume au wapenzi wao. Wakaiita Knock Out Abuse. Kwa hiyo huku mume alilipia kiti aone konde likitua vizuri, kule mke alitoa hundi ili makonde yakome!

Hoteli yenye mambo

Washington Hilton, ambako Fight Night ilipiga kambi, ndiyo hoteli ambayo nje ya mlango wake Rais Ronald Reagan alipigwa risasi tarehe 30 Machi 1981. Akapona. Na ukumbi wake mkubwa ndimo marais wa Marekani huenda kula na waandishi wa habari, wakataniwa mbele ya kamera na kulazimika kucheka.

Kutoka ulingoni hadi chumba cha upasuaji, kupitia Abu Dhabi

Mwaka 2009 serikali ya Abu Dhabi iliipa hospitali ya watoto ya Washington, Children's National, dola milioni 150. Ukitumia dola milioni moja kila siku bila kupumzika, zingekuchukua karibu miezi mitano kuzimaliza. Aliyesaidia kuziunganisha pande hizo mbili alikuwa Joe Robert yuleyule wa ngumi, ambaye alikuwa na marafiki wa kibiashara huko Ghuba na tayari alikuwa mfadhili mkubwa wa hospitali hiyo.

Fedha hizo zilizaa taasisi yenye jina la Sheikh Zayed, rais wa kwanza wa Falme za Kiarabu. Kazi yake ni kutafuta namna ya kumfanyia mtoto upasuaji kwa kumkata kidogo zaidi na kumwumiza kidogo zaidi. Robert mwenyewe alifariki mwaka 2011 kwa saratani ya ubongo, akiwa na miaka 59.

Ukishangilia, umekosa adabu

Wamarekani hawakubuni ngumi za baada ya chakula cha jioni. Mwaka 1891, katika mtaa wa King Street, Covent Garden, London, ilifunguliwa National Sporting Club, na rais wake wa kwanza alikuwa Lord Lonsdale, bwanyenye aliyependa rangi ya njano kupita kiasi. Wanachama walikula kwanza, tena wakiwa wamevaa rasmi, ndipo wakashuka kutazama pambano.

Sheria yao moja ingewashinda mashabiki wa leo: raundi ikiwa inaendelea, kimya! Kwa dakika tatu nzima ulisikia viatu vikikwaruza turubai, pumzi za mabondia, na ule mlio mzito wa glavu inapokutana na mbavu. Kengele ikilia, ruksa kupiga makofi, lakini kwa dakika moja ya mapumziko tu. Hata mwamuzi hakuwa ndani ya ulingo. Aliketi nje na kutoa amri zake kwa mdomo, na mabondia, watu waliotoka migodini na bandarini, wakamtii. Sijui ni mwamuzi gani wa leo angethubutu kujaribu hivyo Manzese, Dar es Salaam.

Mkanda unaweza kuwa wako kabisa

Klabu hiyohiyo ndiyo iliyoanzisha Lonsdale Belt mwaka 1909, mkanda wa mabingwa wa Uingereza, na ya mwanzo ilitengenezwa kwa dhahabu. Zamani, ukishinda mapambano matatu ya ubingwa katika uzito mmoja, hukuurudisha, ulikwenda nao nyumbani. Henry Cooper, aliyemwangusha mwaka 1963 kijana Cassius Clay, ambaye baadaye ndiye Muhammad Ali, ndiye pekee aliyewahi kubeba mitatu. Mwaka 1993 alikumbwa na hasara ya fedha akaipiga mnada yote.

Wakili kona nyekundu, daktari kona ya buluu

Kule Washington na London waliovaa tai walitazama tu. Brooklyn, New York, walivua tai wakaingia wenyewe. Mwaka 1988 Bruce Silverglade wa Gleason's, moja ya jimu kongwe za ngumi Marekani, alianza kuandaa mapambano ya watu wa maofisini: mawakili, madaktari, wafanyabiashara wa hisa. Leo mtindo huo umeenea miji mingi duniani. Karani wa benki hufanya mazoezi kwa wiki kadhaa, kisha hupanda ulingoni mbele ya bosi wake aliyelipia meza nzima kwa ajili ya hisani. Kama kuna njia ya haraka zaidi ya kuchangisha pesa kuliko kumwuzia mtu nafasi ya kumwona mhasibu wake akipigwa, bado sijaisoma.

Usiku wa pambano usio na pambano

Phoenix, Arizona, ilipata harambee yake ya ngumi mwaka 1994. Mfanyabiashara Jimmy Walker aliwaita mastaa wa michezo, akiwemo Charles Barkley wa mpira wa kikapu, wakapigana kwa glavu kubwa kama mito ya kulalia. Wageni walicheka, pesa ikaingia. Baadaye Muhammad Ali akawa mgeni wa heshima wa kila mwaka, na sehemu kubwa ya mapato ikaelekezwa kwenye kituo chenye jina lake kilichofunguliwa Phoenix mwaka 1997 kutibu ugonjwa wa Parkinson, ule unaotetemesha mikono na kukaza mwili, ambao Ali aligunduliwa nao mwaka 1984.

Kidogo kidogo ngumi zenyewe zikaondolewa. Wakabaki waimbaji, mnada na chakula, lakini jina la Celebrity Fight Night halikubadilika. Mwaka 2014 walivuka bahari wakaandaa usiku mwingine Italia kwa kushirikiana na Andrea Bocelli. Hapo sasa mtu anakwenda "kwenye ngumi" kumsikiliza mwimbaji wa opera!

Bingwa aliyekosa mlango Dar es Salaam

Huyo Ali ambaye matajiri wa Phoenix walilipa maelfu ya dola kuketi naye ukumbi mmoja, Mwalimu Nyerere alikataa kuonana naye bure. Februari 1980 Rais Jimmy Carter alimtuma Afrika kuzishawishi nchi zisusie Olimpiki za Moscow, na kituo cha kwanza kilikuwa Tanzania. Mwalimu hakufurahia kuletewa mwanamichezo kwa jambo la kiserikali. Kenya, alikokwenda baadaye, ilisusia. Tanzania ilikwenda Moscow na kurudi na medali mbili za fedha, za Filbert Bayi na Suleiman Nyambui.

Ngumi kama dawa

Ukisikia ngumi na Parkinson katika sentensi moja, utadhani ni habari ya madhara. Lakini mwaka 2006, Indianapolis, mwendesha mashtaka wa zamani Scott Newman, aliyegunduliwa na ugonjwa huo akiwa na umri wa miaka 40 hivi, aliona kwamba mazoezi ya bondia yanamwongezea nguvu. Akaanzisha Rock Steady Boxing, ambayo sasa ina mamia ya vituo katika nchi mbalimbali. Hakuna anayempiga mwenzake. Wagonjwa hupiga mifuko, huruka kamba wanaoweza, hufanya mazoezi ya kuinuka kutoka sakafuni. Na huhesabu kila konde kwa kupaza sauti, kwa sababu Parkinson hufifisha sauti ya mtu, nayo inahitaji mazoezi kama mkono.