Batri ya ordinateri ya koperative: tuilinde isichoke mapema

Wandugu wakulima wa Miti, siku hizi kilo za kahawa na deni za wanachama tunaziandika ndani ya ordinateri. Moto ukikatika katikati ya hesabu, batri ndiyo inatuokoa. Ikichoka, kazi inasimama na mkulima anangojea malipo yake.

Batri ya litiamu inachakaa hata isipotumiwa. Kwa kawaida, ikishajazwa na kumalizika mara 300 hadi 500, inabakia na karibu 80 kwa mia ya nguvu yake. Vinavyoiua upesi ni joto, na kukaa imejaa kabisa ao tupu kabisa.

Basi, usiiache juani, ndani ya gari ao juu ya blanketi. Iweke juu ya meza. Ikishuka 20 kwa mia, ichaji. Ikifika 80, toa kamba, isipokuwa siku ya kazi ndefu. Mavuno yakiisha, izime ikiwa nusu, iweke pakavu na pa baridi, uiangalie kila mwezi. Ikivimba, usiichaji tena wala usiitoboe, na usiitupe motoni.

Kobalti ya batri nyingi inatoka kwetu Kongo, pande za Kolwezi. Mali ya udongo wetu, tuitunze.