Mtoto anapoanza kutapika wodini: kirusi ambacho vitakasa mikono havikiwezi

Mtoto amelazwa kwa nimonia. Siku ya tatu homa imeshuka, ameanza kuulizia uji, na mama yake anakunja khanga akitarajia ruhusa ya daktari asubuhi. Usiku mtoto anatapika. Kabla hakujakucha, wa kitanda cha jirani naye anatapika, kisha anaharisha. Kesho yake jioni ni zamu ya mama mwenyewe.

Wengi hapo hulaumu chakula cha mama ntilie aliye nje ya geti, na wakati mwingine ni kweli. Lakini watu wanapoanguka mmoja baada ya mwingine ndani ya siku moja au mbili, wagonjwa kwa wauguzi, wataalamu wa kudhibiti maambukizi hospitalini humfikiria kwanza mshukiwa mwingine: norovirusi.

Jina la kirusi hiki limetokana na Norwalk, mji wa jimbo la Ohio nchini Marekani, ambako wanafunzi na walimu wa shule ya msingi waliugua kwa wingi mwaka 1968. Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani (CDC) kinakadiria kuwa kila mwaka watu milioni 685 duniani huugua kwa sababu yake, milioni 200 kati yao wakiwa watoto wa chini ya miaka mitano. Watoto wapatao 50,000 hufa, wengi wao katika nchi zinazoendelea.

Chembe chache mno zinatosha kumwambukiza mtu, na mgonjwa mmoja hutoa mabilioni. Anapotapika, matone madogo huruka na kutua kwenye vyuma vya kitanda, kitasa cha mlango, hata simu ya mzazi aliye karibu. Dalili huanza kati ya saa 12 na 48 baadaye. Wengi hupona ndani ya siku moja hadi tatu, lakini kirusi huendelea kutoka kwenye kinyesi kwa wiki mbili au zaidi. Mtoto anacheza, nepi yake bado inaambukiza.

Hata hospitali kubwa hazisalimiki. Mwaka 2004 kirusi hiki kiliingia Johns Hopkins, hospitali maarufu ya Baltimore, Marekani. Waliougua walikuwa 355. Kati yao wagonjwa walikuwa 90 tu. Waliobaki, 265, walikuwa wahudumu wa afya. Kwa hiyo mwenye kukisambaza kirusi wodini anaweza kuwa mtu yeyote anayepita kati ya vitanda, akiwemo mzazi na shangazi aliyeleta chakula.

Tangu wakati wa Uviko-19, familia nyingi zimezoea kutegemea chupa ya vitakasa mikono. Kwa norovirusi, chupa hiyo haitoshi. Kirusi cha corona kimefunikwa na utando wa mafuta ambao spiriti huuvunja. Norovirusi haina utando huo. Kinachosaidia ni kuiondoa mikononi kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwa sekunde 20 au zaidi. Ndiyo maana wodi yenye chupa iliyojaa ukutani na bomba lisilotoa maji bado iko hatarini, na mzazi ana haki ya kuuliza maji yako wapi.

Hospitali inapogundua mlipuko, wagonjwa wenye dalili hutengwa, kuhamisha wagonjwa kwenda wodi nyingine husimamishwa, na vyombo na sakafu husafishwa kwa klorini. Uingereza, ambako kirusi hiki husumbua zaidi majira ya baridi, wodi nzima inaweza kufungwa kwa wageni. Mhudumu aliyeugua hukaa nyumbani mpaka zipite saa 48 tangu dalili zikome. Kanuni hiyo inamhusu na ndugu anayekuja kumwona mgonjwa. Aliyeharisha jana asije leo, hata kama anajisikia vizuri. Amtume mwingine na chakula, na kisipikwe naye.

Mzazi anayeuguza naye akianza kuumwa tumbo, amwambie muuguzi mara moja. Wengine huficha wakihofia kutenganishwa na mtoto, na kuficha huko ndiko kunakoiangusha wodi.

Nyumbani, matapishi yafutwe kwanza kwa karatasi au kitambaa cha kutupa, ukiwa umevaa glavu. Kisha paka jiki ya asilimia 3.5 iliyochanganywa, sehemu moja kwa sehemu sita za maji, madirisha yakiwa wazi. Usiichanganye na dawa nyingine ya usafi.

Antibayotiki haziui virusi, na chanjo ya rota anayopewa mtoto kliniki haikingi norovirusi. Matibabu yenyewe ni maji: ORS kidogo kidogo kwa kijiko, vidonge vya zinki kama mhudumu atakavyoelekeza, na ziwa la mama lisikatizwe. Akitapika, subiri dakika kumi, anza tena taratibu. Macho yakidumbukia, akilia bila machozi, akikaa muda mrefu bila kukojoa, akishindwa kunywa au akilegea, usisubiri kukuche: mpeleke hospitali usiku huohuo, na ukifika mapokezi useme kabla ya kuketi kwenye benchi kwamba anatapika na kuharisha.