Mita inamsikia mhubiri, besi inaiacha ipite

Kwenye ubavu wa kipima sauti kuna swichi ndogo nyeusi yenye herufi mbili: A na C. Fundi wa sauti aliyenionyesha aliisukuma kwa ukucha wa kidole gumba, akaniambia nitazame kioo, nisimtazame yeye.

Tulikuwa Umoja, Nairobi, uani kwake. Nilikuwa nimeenda kumuuliza bei za kukodi spika msimu wa Desemba. Aliwasha wufa moja, yaani spika ya besi, akapiga rumba, kisha akaniingiza katika chumba cha jirani aliyekuwa kazini na kufunga mlango. Maneno ya mwimbaji yakapotea. Gitaa likapotea. Kilichobaki ni mdundo peke yake, ukipenya ukutani hadi kifuani, na vifuniko vya sufuria rafuni vikaanza kulia. Swichi ikiwa kwenye A, mita ilionyesha namba ya kawaida kabisa, ambayo mtu angeitolea ushahidi kwamba hapa hakuna fujo. Akaisukuma kwenye C. Namba iliruka kiasi kwamba nilimwomba arudie, naye akarudia bila kuchoka, kwa sababu hilo ndilo jambo analotaka watu walione.

Maelezo yake ni haya. Mita ikiwa kwenye A hupunguza sauti nzito ili kufuata usikivu wa sikio la binadamu, ambalo kweli ni zito kwa besi ya chini. Sauti yenye mitetemo 50 kwa sekunde, pale wufa inapofanyia kazi yake, hukatwa takriban desibeli 30. Sauti yenye mitetemo 1,000, ambayo ni eneo la usemi wa watu, haikatwi chochote. Kwenye C, besi ileile hukatwa desibeli moja na kidogo tu. Halafu kuna suala la ukuta. Wimbi la mitetemo 50 lina urefu wa karibu mita 7, na ukuta wa mawe wa nyumba zetu hauwezi kulizuia, sembuse mabati. Wimbi la mitetemo 1,000 halifiki hata sentimita 35, nalo hukwama mlangoni. Kwa hiyo kinachoingia chumbani mwa aliyelala ndicho hicho ambacho mita kwenye A inakifumbia macho.

Vipimo vya sheria vimeandikwa kwa desibeli za A. Kanuni za kelele za Kenya za mwaka 2009 zinaruhusu desibeli 40 mchana katika maeneo ya ibada, 50 nje ya nyumba za makazi, 55 katika mitaa iliyochanganya makazi na starehe, na 60 katika maeneo ya biashara. Ikishapita saa mbili usiku, tofauti hizo zote zinafutika. Kanisa, msikiti, baa, duka, kila moja ni 35. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili ni kama 60. Jedwali hilo lina safu ya pili inayochambua sauti tabaka kwa tabaka, na hiyo ingeikamata besi, ila inahitaji kifaa ghali zaidi na mtu aliyefunzwa kukitumia. Shirika la Afya Duniani nalo lilishasema mwaka 1999 kwamba usomaji wa C ukizidi wa A kwa zaidi ya desibeli 10, sauti hiyo ichambuliwe upya. Fundi hakuwahi kusoma waraka huo. Alifika mahali hapohapo kwa kusukuma swichi.

Mengine wasomaji wanayajua: sheria ya pombe ya mwaka 2010, maarufu kama sheria ya Mututho, iliyofunga baa saa tano usiku, kisha Gavana wa Nairobi, Sakaja, mwishoni mwa 2022 akafuta leseni za vilabu vya usiku katika mitaa ya makazi. Tumebishana sana kuhusu saa na leseni. Kuhusu swichi sijasikia mtu akibishana.

Fundi aliniomba nisimtaje jina, na sababu yake ninaiheshimu. Ijumaa na Jumamosi wufa zake ziko klabuni. Jumapili ziko kanisani, na kanisa hilo ndiko anakosali. Alfajiri ya Jumapili huzipakia kwenye mkokoteni kabla mtaa haujaamka. Masanduku ni ya mbao, yamevikwa zulia jeusi, na juu ya kila moja kuna alama za duara zilizoachwa na chupa. Huzifuta kwa maji ya sabuni, kisha kwa kitambaa kikavu, na pale zulia linaponata hukwangua kwa upande butu wa kisu. Waya za kipaza sauti huzipangusa moja moja, kwa sababu, anavyosema, mchungaji akishika waya unaonata atajua ulikotoka. Mwisho hutandaza juu ya masanduku vitambaa vyeupe alivyofumiwa na mkewe. Anayafanya haya kwa adabu ileile ya mtu anayetawadha, na nilipomuuliza kama ni kwa ajili ya mchungaji au kwa ajili ya Mungu, alisema ni kwa ajili ya wufa, kwa kuwa bia inaharibu mbao.

Kuhusu sheria hana maneno mawili. Anataka iwepo na iwe kali. Ana mtoto anayejiandaa kwa mtihani, na yeye mwenyewe hulala mchana. Anachokataa ni sheria inayomwandama mwenye sauti nyembamba. Mhubiri wa sokoni mwenye kipaza sauti kibovu husomwa na mita kwa ukamilifu. Adhana, ambayo haina besi ya wufa na huisha kwa dakika chache, husomwa kwa ukamilifu. Klabu yenye wufa nane hupata msamaha wa desibeli 30. Kisha anaongeza, akishusha sauti, kwamba makanisa ya siku hizi nayo yameshajua. Meneja wa klabu na mchungaji, anasema, humpigia simu kwa ombi moja: aongeze besi. Vijana hawakai penye sauti isiyogusa kifua.

Hapo ndipo ninapokubaliana naye na kupata taabu pia. Katiba yetu inalinda uhuru wa kuabudu katika kifungu cha 32, na haki ya mazingira safi na yenye afya katika kifungu cha 42. Mama anayetoka zamu ya usiku hospitalini na kulala saa tatu asubuhi Jumapili anaishi katikati ya vifungu hivyo viwili. Ninaamini anastahili kusikilizwa kabla ya klabu na kabla ya kanisa, na ninaamini maafisa wa mazingira wanapaswa kusimama upande wake wa ukuta, chumbani, na swichi iwe kwenye C. Nilimuuliza fundi kama amewahi kumwambia mchungaji wake haya. Hajawahi. Aliwahi kumwambia meneja wa klabu, na alipoteza kazi ya miezi kadhaa. Kanisani, anasema, hofu si ya kupoteza kazi. Ni ya kuonekana anapinga sifa za Mungu, na hajui angejibu nini.

Ana wufa nne tu. Kwa usiku wa Desemba 31, kanisa limeziomba zote nne kwa kesha la kufungua mwaka, na klabu imeziomba zote nne kwa sherehe yake. Majengo hayo mawili yako barabara moja, yakitazamana, na nyumba za kupanga ziko katikati. Klabu inalipa mara mbili. Bado hajamjibu yeyote.