Upepo Ukishapita, Tuangalie Nini?

Sisi tunaopanga Katwe, Nsambya na Namuwongo tunaijua ile sauti: mabati yanapigapiga, watoto wanalia, taa inazimika. Machi hadi Mei, na tena Septemba hadi Novemba, mvua za radi huja Kampala na upepo mkali.

Upepo ukitulia, tusikimbilie paa. Kwanza tuhesabu watoto, tuwaite majirani wazee. Waya wa umeme ukiwa chini, tuuchukulie kuwa una umeme, tukae mbali. Radi ikiwa bado inasikika, mtu asipande juu ya nyumba. Tarehe 2 Novemba 2024, radi iliua watu 14 katika kambi ya Palabek.

Kisha tuangalie alama. Vitu vikiwa vimelala upande mmoja, upepo ulivuma moja kwa moja. Vikiwa vimetawanyika huku na huku, huenda ulikuwa wa kuzunguka. Upepo hupenda kuanza kuinua bati pembeni, basi misumari ya huko tuikague kwanza, halafu nyufa za ukuta, halafu mti ulioinama.

Tuandike kila kilichoharibika, na picha kama simu ipo. Mwenye nyumba na mwenyekiti wa LC1 waje waone kabla hatujafagia. Bila hivyo, swali la nani atatengeneza linageuka ugomvi.

Na karatasi za ukimbizi? Zikae kwenye kavera ngumu, daima. Bati linanunuliwa, mtoto hanunuliwi.